Maarifa Ni Nini, na Tunayapataje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huniijia kutoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na kwa watu tunaokaa nao barazani baada ya alasiri. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine nimekaa nayo muda mrefu. La aiskrimu liko katikati, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kujua si kujua tu? Kuna ugumu gani hapo?

Sikiliza tunavyolitumia neno lenyewe. "Namjua Asha." "Anajua kuogelea." "Najua kwamba makao makuu ya Tanzania ni Dodoma." Neno ni moja, mambo ni matatu. La kwanza ni kuzoeana: unaweza kuambiwa kila kitu kuhusu Asha, tangu alikozaliwa mpaka chakula anachokipenda, na bado ukawa humjui. La pili liko mwilini, na mwogeleaji hodari ukimwuliza anafanyaje atakwambia ingia majini utajua. La tatu ndilo linaloweza kusemwa kwa sentensi, likaandikwa, likabishiwa, likathibitishwa. Wanafalsafa wengi wamelishughulikia hili la tatu, na mimi naona wamelipendelea mno.

Lugha yetu nayo ina mgawanyo wake. Ujuzi tunausema zaidi kwa kazi: fundi mwenye ujuzi. Elimu na maarifa yote mawili yametoka Kiarabu, lakini tunayatenganisha bila kufundishwa na mtu. Mtu anaweza kuwa na elimu ya chuo kikuu, gari likamharibikia porini, tukamwambia: "Tumia maarifa." Elimu hutolewa cheti. Maarifa huonekana siku ya shida.

Kujua kunatofautianaje na kuamini?

Swali hili lina umri wa miaka 2,400 hivi. Plato, mwanafalsafa wa Athens, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akizungumza na mtu aitwaye Meno juu ya njia ya kwenda mji wa Larissa. Anayeijua njia atakufikisha. Ambaye hajawahi kufika, ila amekisia sawasawa, naye atakufikisha. Basi huyu wa kwanza amemzidi nini mwenzake?

Socrates anajibu kwa mfano wa sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za kale za Wagiriki, ambazo watu walisema zisipofungwa hutoroka. Dhana iliyo sahihi ni nzuri maadamu ipo, lakini haikai. Ukiifunga kwa sababu, inatulia, na hapo ndipo inaitwa maarifa.

Tuilete njia hiyo kwetu. Mpeleke yule aliyekisia hadi njia panda, atokee mtu mmoja tu aseme "hapana, ni kushoto", uone atakavyoyumba. Anayeijua njia hayumbi: atakwambia ukipita kulia utaukuta mbuyu, baada ya mbuyu kisima, na kama hujakikuta kisima basi umeshapotea, rudi. Ana kamba alizoifungia njia yake. Hata akikosea, anajua mahali pa kurudi kujikagua.

Basi nikiamini jambo, likawa kweli, na sababu ninayo, nimejua?

Hivyo ndivyo wengi walivyodhani mpaka mwaka 1963, pale Edmund Gettier, mwalimu wa falsafa mjini Detroit, Marekani, alipochapisha makala ya kurasa tatu tu iliyoonyesha kwamba sharti hizo tatu hazitoshi. Mifano yake inazunguka kidogo. Ulio mwepesi zaidi ni wa saa iliyosimama, aliokuwa ameutoa mwanafalsafa Bertrand Russell wa Uingereza miaka 15 kabla yake.

Asubuhi unaingia sebuleni, unaitazama saa ya ukutani, inaonyesha saa mbili na robo. Saa hiyo haijawahi kukudanganya, kwa hiyo unaamini. Na kweli ni saa mbili na robo. Kumbe betri iliisha jana usiku, saa mbili na robo hiyo hiyo, na mishale imesimama palepale saa kumi na mbili nzima. Umeamini, ni kweli, sababu unayo, na hakuna mtu atakayesema ulijua. Umebahatisha.

Tangu makala ile, wanafalsafa wamependekeza sharti la nne la kila namna, na kila moja limepata wa kulipinga. Mimi nashikilia hili: kile ulichokitegemea kiwe ndicho kilichokufikisha kwenye ukweli. Wewe ulitegemea saa inayotembea, na hapakuwa na saa inayotembea.

Mpemba ni nani, na kwa nini anatajwa kila maarifa yakizungumzwa?

Mwaka huohuo wa 1963, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ndogo na wenye haja walikuwa wengi.

Siku hiyo Mpemba alikuwa bado anachemsha alipomwona mwenzake ameshachanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha, anawahi friza. Akaona akingoja yake yapoe, nafasi itakwisha. Akayamimina yakiwa ya moto, akayaingiza hivyo hivyo, na hatari ya kuharibu friza akaibeba. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama. Maziwa ya mwenzake yalikuwa uji mzito, hayajaganda. Ya Mpemba yalikuwa aiskrimu.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje cha moto kiwahi kuganda. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akakubali, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Lakini siku moja, likizoni Tanga, akaongea na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuziuza. Yule rafiki akamwambia kwamba yeye siku zote huuweka mchanganyiko ungali wa moto, kwa sababu huganda upesi.

Hapa huwa nasimama kidogo, maana kuna jambo wengi hulipita. Mwuza aiskrimu wa Tanga hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa na kazi, na kazi ile ilimlipa kwa kuwahi. Kila siku alikuwa akifanya jaribio bila kuliita jaribio.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa ndiyo mzaha wa darasa: akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hata hivyo alijipenyeza maabara, akachukua vyombo viwili, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, akajaribu mwenyewe.

Kisha shule ikatembelewa na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakaona ameuliza upuuzi. Osborne mwenyewe alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu. Akarudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Sentensi ile ya fundi ina somo zima la maarifa ndani yake. Jibu alikuwa nalo mkononi, na bado aliliona ni kosa, kwa sababu jibu "sahihi" alikuwa ameshalijua kabla ya kupima. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao pamoja, na jambo lile duniani likapewa jina la Mpemba.

Kwa hiyo Mpemba alijua, na walimu wake hawakujua?

Natamani niseme ndiyo na tuishie hapo. Lakini ningekuwa nawafanyia walichofanya wale walimu, yaani kulifunga swali kabla halijafungika.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kupoa kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu, juu au chini, kinaweza kukuletea matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Miaka minne baadaye, watafiti wa Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakapata jambo la namna hiyo waziwazi kabisa, ila si kwenye maji ya friza: walitumia chembe ya kioo ndogo isiyoonekana kwa macho. Kuhusu maji yenyewe mabishano yapo mpaka leo. Wengine wanataja maji ya moto kupungua kwa mvuke, wengine barafu ya friza kuyeyuka chini ya chombo cha moto hata chombo kikagusana vizuri na ubaridi.

Kwa hiyo tenganisha mambo. Kwamba maziwa yake siku ile yalitangulia kuganda, Mpemba alijua. Aliyaona na kuyashika. Kwamba maji ya moto kila mara huganda kwanza, hakujua, na hakuna ajuaye, kwa kuwa si kila mara. Na kwa nini, hilo ndilo alilouliza. Mwalimu aliyemwambia haiwezekani alidai kujua jambo ambalo hakuwa amelijaribu. Katika chumba kile, aliyekuwa karibu zaidi na maarifa ni yule aliyekuwa na swali.

Nikiona kwa macho yangu si inatosha?

Mara nyingi, ndiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipitia kipindi cha shaka kali juu ya jambo hili. Ukitazama kivuli, alisema, kinaonekana kimesimama. Ngoja saa moja, utajua kwamba kilikuwa kikisogea muda wote. Ukitazama nyota, inaonekana ndogo kama dinari. Hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Jicho limesahihishwa na akili. Kisha akajiuliza kilichomtoa usingizi kabisa: na akili itasahihishwa na nani?

Kwa maisha ya kila siku tuna dawa ndogo: ngoja saa moja, utazame tena.

Kuambiwa ni njia ya kujua kweli, au ni kuamini tu maneno ya watu?

Ni njia, na ndiyo kubwa kuliko zote. Siku uliyozaliwa uliijuaje? Hukuwa na kalenda. Kwamba huyu ni shangazi yako wa damu, kwamba kuna nchi iitwayo Brazili, kwamba dawa hii ni ya malaria: vyote umeambiwa. Mtu anayesema "mimi nakubali nilichokiona tu" ajaribu siku moja kuishi hivyo. Hata jina lake mwenyewe atakosa.

Swali la maana ni namna ya kupokea. Hapa watu wa pwani tumerithi mfano mzuri sana, nao ni elimu ya hadithi za Mtume. Hadithi haikupokewa kwa uzuri wa maneno yake. Iliulizwa: umeipata kwa nani? Naye kwa nani? Huyo alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Waliishi mji mmoja na zama moja hata wakutane, au anadai tu? Mnyororo ukikatika mahali, hadithi ilihesabiwa dhaifu, hata kama maneno yake yanaliza. Watu kama Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, walisafiri miji kwa miji kumfuata mpokezi mmoja.

Sasa ifungue simu yako. Ujumbe umeingia kwenye kundi la familia: jani fulani linaponya kisukari, "daktari mmoja wa India amethibitisha". Daktari gani? Nani alimsikia? Aliyekutumia ameupata kwa jirani, jirani kwa kundi la kanisani, na baada ya hapo ni giza. Mnyororo mzima hauna jina hata moja. Nimeona mzee akiacha vidonge vyake kwa ujumbe wa namna hiyo, na ndiyo sababu jambo hili sitalichukulia kuwa dogo. Ukiupokea, uliza swali moja tu, kwa adabu: "Wewe umeutoa wapi, ndugu yangu?" Mara nyingi mnyororo hukatika palepale.

Wazee wakisema hivi na wasomi wakasema vile, nimwamini nani?

Chukua habari ya Washirazi wa Kilwa. Tarehe ya zamani ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, inasimulia baba na wanawe sita waliotoka Shirazi, Uajemi, katika majahazi saba, wakatawanyika pwani na kuasisi miji. Wazee wa pwani wameisimulia hivyo vizazi na vizazi.

Katika karne ya 20, wasomi waliipunguza. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliusogeza mbele mwanzo wa watawala hao mpaka kwenye mwaka 1200 hivi, mbali na miaka ya mapema zaidi iliyosimuliwa. Wengine walisema Ushirazi ni nasaba ya kujitafutia heshima, basi. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwao zilikuwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambaye masimulizi humtaja kuwa wa kwanza wa watawala hao wa Kilwa. Hazina yenyewe ilikuwa ya karne ya 11. Udongo ukamrudisha Ali nyuma zaidi ya karne nzima, karibu zaidi na walivyosema wazee.

Mwaka 2023 ikachapishwa kazi ya kupima vinasaba vya watu 80 hivi waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani na jirani zake. Ikaonekana kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume waliotoka hasa Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika, na upande wa akina mama, ambao ni Waafrika, ndio uliotoa zaidi ya nusu ya urithi kwa wengi wao.

Tazama nani alijua nini. Wazee walishika kweli kiini cha Uajemi, kilichokuwa kimedharauliwa. Lakini masimulizi ya majahazi saba yaliwaacha nje akina mama waliokuwa nusu ya habari au zaidi. Wasomi walijua kwamba miji hii ni ya Kiafrika kwa lugha na maisha yake, wakazidisha walipoona Uajemi wote ni uzushi. Kwa hiyo jibu langu kwa aliyeuliza: usichague mtu, chagua jambo mojamoja, na kwa kila jambo uliza huyu alikuwa na njia gani ya kulijua.

Ujuzi wa mikono nao ni maarifa, au ni mazoea?

Nilipojifunza kupika chapati kwa bibi yangu nilikuwa na daftari. "Maji vikombe vingapi, bibi?" Akanitazama. "Mpaka unga ukubali." Unga unakubalije? Akanishika kidole, akakibonyezea kwenye donge. Palibonyea, kisha pakarudi polepole. "Huu bado, unarudi kwa hasira." Nikakanda tena, jasho linanitoka. Akabonyeza tena. "Sasa umekubali." Mimi sikuona tofauti yoyote. Ilinichukua miezi kuisikia kwenye kidole, na leo nikiulizwa vikombe vingapi sina la kujibu zaidi ya lile la bibi.

Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, alitetea mwaka 1949 kwamba "kujua kufanya" hakugeuki kuwa "kujua kwamba", hata ukiandika kanuni zote. Bibi yangu hakuwahi kumsikia. Daftari lile bado ninalo, na ukurasa wa chapati una neno moja tu: unga.

Mtoto huzaliwa na maarifa, au huja mtupu?

Katika mazungumzo yaleyale na Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa asiyesoma na kumchorea mraba wenye upande wa futi mbili. Anataka mraba wenye eneo maradufu. Kijana anasema upande uwe futi nne. Anaona mwenyewe imezidi. Anasema tatu, inakataa. Anakiri kwamba hajui. Kwa maswali tu anafika kwenye mstari wa pembe kwa pembe, na hapo anapata. Plato alihitimisha kwamba roho ilikuwa inakumbuka. Karne nyingi baadaye mwanafalsafa John Locke wa Uingereza akashikilia kwamba akili huanza kama karatasi nyeupe.

Mimi kinachonigusa hapo ni pale kijana anapokiri hajui. Socrates anamwuliza Meno kama wamemdhuru kwa kumfikisha hapo, na Meno anakubali kwamba hawakumdhuru.

Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Bado kuna haja ya kujua?

Ipo. Mtandaoni kuna majibu. Hujui lipi ni la kweli mpaka uwe unajua kitu tayari.

Nataka kulijaribu jambo la Mpemba nyumbani. Nifanyeje?

Tafuta vikombe viwili vinavyofanana kabisa, vya bati au vya plastiki ngumu. Glasi inaweza kupasuka. Pima maji kiasi kilekile, mililita 50 zinatosha. Kimoja kiwe cha uvuguvugu, nyuzi 35 hivi, kingine kimetoka kuchemka. Viweke kwenye friza kwa wakati mmoja, kina kimoja, mbali na kuta. Kama friza ina barafu chini, ikwangue kwanza au weka kibao chini ya vikombe vyote viwili. Chungulia kila baada ya dakika 15, usikae na mlango wazi. Amua mapema utaita nini "kuganda": utando wa kwanza juu, au kikombe kizima kuwa barafu, maana majibu yanaweza kutofautiana. Rudia angalau mara tano, na kila mara vibadilishane nafasi.

Na kabla hujafunga mlango wa friza mara ya kwanza, andika kwenye karatasi ni kipi unadhani kitatangulia, na kwa nini. Karatasi hiyo ibandike mlangoni.